Nadhiri Iliyofunga Viwanja vya Ndege

Juzi, katika jiko dogo tunalotumia wanafunzi wanne hapa Kensington, Sydney, nilikuwa natwanga iliki za maandazi ya safari wakati mwenzangu mmoja alipoingia kutoka kazini na kujimiminia sanitaiza mikononi. Harufu mbili zikakutana, ya iliki na ya ile spiriti kali, nami ikabidi nivute kiti nikae. Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Kila aliyekuwa mtoto miaka ile ya barakoa ana harufu yake inayomrudisha. Yangu ni hii. Inanirudisha Quakers Hill, magharibi mwa mji huu huu, kwenye nyumba ya matofali ya Baba na Mama, nikiwa na miaka kumi na nikiamini kabisa, bila chembe ya shaka, kwamba mimi ndiye niliyeufunga ulimwengu.

Lazima nianze na ahadi. Kabla ya kuja Australia Mama alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari Tanga. Alikisoma chuo kikuu, akakipenda, akakifundisha miaka sita bila kuwahi kukanyaga mahali ambapo watu hununua nyanya kwa Kifaransa. Katika kitabu alichofundishia kulikuwa na picha ya mji wa Quebec, kule Kanada: mji wa zamani ndani ya kuta za mawe, vichochoro vya mteremko, theluji juu ya mapaa, na farasi anayetoa mvuke puani. Walimu wenzake waliota kwenda Paris. Mama alisema Paris kila mtu huenda. Basi Baba alipokwenda kumposa, juu ya mengine yote yanayosemwa siku hiyo akaongeza la kwake: atampeleka Quebec, na atamwendesha mwenyewe kwa gari, taratibu, kutoka Montreal kando ya ule mto mkubwa mpaka kwenye kuta za mji.

Ahadi ile ikakaa miaka kumi na miwili. Sydney ilimpa Mama kazi ya kutunza wazee, kuwaosha, kuwalisha, kuwavisha soksi, na kwa Kifaransa chake akabaki akiisemesha sufuria. Nilikuwa nikimsikia jikoni akiomba chumvi kwa adabu kubwa, halafu akijijibu kwa sauti ya mwanamume mwuza duka. Katika lugha ile alikuwa mtu mwingine, mtu wa kucheka ovyo, na nitasema ukweli, mtu yule alinitia wivu kidogo.

Mwaka ule hatimaye tiketi zikakatwa. Wangekwenda wao wawili tu, wiki tatu. Mimi na mdogo wangu Rukia, aliyekuwa na miaka mitano, tungekaa kwa Shangazi Zuhura, dada yake Baba, kule Minto. Baba ni mpima ardhi, mtu asiyeweza kwenda hata dukani bila kujua njia ina kona ngapi. Aliichora barabara yote ya Quebec kwa mkono kwenye karatasi ndefu, akaibandika kwenye mlango wa friji, na kila mahali atakaposimama Mama anywe chai akapachora kikombe.

Wasiwasi wake ulikuwa mmoja tu. Tangu Tanga mpaka Sydney ameendesha kushoto mwa barabara, na Kanada wanaendesha kulia. Jambo hili alilichukulia kama mtihani wa taifa. Jioni alikaa ndani ya gari letu lililoegeshwa, kwenye kiti cha kushoto kisicho na usukani, akizungusha hewa kwa mikono miwili, na Mama kwenye kiti cha dereva akicheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Halafu akatunga sheria ya nyumba: koridoni kila mtu apite kulia, ili macho yazoee.

"Kaa kulia, wee!" alinipigia kelele nikitoka chooni. "Ungekuwa Quebec ungeshagongwa."

"Dad, it's a hallway."

"Ajali zote huanza hivyo hivyo, kwa mtu kudharau barabara."

Rukia alijiteua polisi wa usalama barabarani na kusimama kwenye mlango wa chumba cha kufulia akitupulizia filimbi. Tulicheka sana wiki zile. Nalisema hili ili msidhani nyumba yetu ilikuwa ya huzuni.

Sasa, kwetu sisi Waislamu wa pwani, safari ndefu haianzi na sanduku. Inaanza na radhi. Msafiri huwapigia ndugu na majirani akawaomba wamwie radhi kwa lolote alilowakosea, na huandika wasia, ili akipatwa na la kupatwa asiwaache watu gizani. Leo nayajua haya. Wakati ule nilikuwa mtoto wa Sydney niliyeelewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, na hakuna mtu aliyekumbuka kunieleza.

Kwa hiyo Jumamosi moja nilipopita mlangoni kwa Mama, kulia kama sheria inavyosema, nikamkuta kakaa kitandani anaongea na Bibi wa Tanga, mama yake, simu ikiwa imefunguliwa sauti. Mama alikuwa analia.

"Mama, niwie radhi," alikuwa akisema. "Kwa kila nililokukosea tangu utoto wangu. Nakwenda mbali."

"Nimekuwia radhi, mwanangu, duniani na akhera," Bibi akajibu, sauti yake ikikwaruza. "Nawe uniwie."

Nilirudi nyuma kwa kunyata. Watu wanaorudi baada ya wiki tatu hawaagani hivyo. Kesho yake, nikitafuta gundi ya karatasi kwenye droo ya Baba, nikaona karatasi yenye mwandiko wake wa kipimaji, herufi zimesimama wima. Iliandikwa: iwapo hatutarudi, binti zetu wawili wakabidhiwe shangazi yao Zuhura wa Minto, awalee kama wanawe. Niliisoma mara tano. Nikakumbuka kwamba Shangazi ametoka kununua kitanda cha ghorofa. Nikakumbuka yule mwanamke anayecheka jikoni kwa Kifaransa. Kila kitu kikaungana: Baba na Mama wanahamia Quebec, na sisi tumeshagawiwa.

Jioni ile ile Mama akaja kukaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Akanishika mkono.

"Mwanangu, na wewe nataka uniwie radhi."

"For what?"

"Kwa yote."

"I don't want to. Just don't go."

"Wiki tatu tu, mama. Tutarudi."

Sikumwamini, kwa sababu nilikuwa nimeona maandishi. Nikageukia ukutani. Akakaa kidogo, akanifunika shuka, akatoka. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mimi tangu utoto ni mtu wa kujua kwanza na kuuliza baadaye, na tabia hiyo imeniponza mara nyingi.

Siku za Jumapili tulikuwa na darasa la dini, na Ustadhi alikuwa ametufundisha habari ya nadhiri: mtu humwahidi Mungu kwamba jambo fulani likiwa, atafanya ibada fulani, na likishakuwa hana ujanja, lazima atimize. Alitukanya tusiifanyie mchezo. Mimi nilisikia sehemu ya kwanza tu. Nikaingia chumba cha kufulia, nikawasha mashine ya kukaushia nguo ili nisisikike, nikasimama kati ya kapu na ukuta. Niliwaza kama Mungu hupokea nadhiri za Kiingereza. Nikaona nisibahatishe. Kwa Kiswahili changu cha kuchechemea nikasema, "Ee Mungu, Baba na Mama wasipokwenda, nitafunga siku kumi."

Haikupita wiki mbili. Mama alikuwa amesimama mbele ya televisheni na sare yake ya kazi, mwiko wa ugali mkononi, na mtu wa serikali akatangaza kwamba hakuna kutoka nchini. Hakusema hakuna kwenda Quebec. Alisema hakuna kwenda popote. Baba alizima televisheni akasema, "Basi," neno moja tu. Mama akarudi jikoni kusonga ugali. Ramani ya friji hakuna aliyeibandua.

Nami nilifurahi. Ningependa kuandika vingine, lakini nilifurahi, nikaongeza chakula mara mbili. Nilishangaa kidogo kwamba ili kuzuia watu wawili Mungu alilazimika kusimamisha ndege zote, ila nikajiambia Yeye ndiye anayejua kazi yake.

Shule zikafungwa, nami nikatimiza nadhiri. Kufunga kwa siri ukiwa umefungiwa nyumba moja na wazazi wako si mchezo. Chakula changu cha mchana nilimpa Rukia chini ya meza, siku kumi mfululizo, naye akala bila kuuliza swali, Mungu ambariki. Siku ya kumi ilipokwisha niliona tumemalizana, mimi na Mungu, kila mmoja katekeleza lake.

Lakini dunia haikufunguka. Mama alirudi kutoka kwa wazee wake akiwa na alama ya barakoa imechimba mashavuni, akabadilisha nguo gereji kabla hajatugusa, na mlangoni akaweka chupa kubwa ya sanitaiza tuliyopaka mpaka ngozi ikapasuka. Tulifunguliwa, tukapumua, na mwaka uliofuata tukafungwa tena, safari hii upande wetu wa magharibi ukabanwa kuliko kwingine. Hakuna kuvuka kilomita tano. Helikopta ilizunguka juu ya mapaa ya Quakers Hill. Shangazi Zuhura wa Minto ni kama alikuwa Tanga, maana hatukumwona. Kila walipotangaza kuongeza wiki nyingine, nilitazama chini. Nilikuwa naanza kuogopa kwamba nadhiri yangu niliitimiza vizuri mno.

Kisha Bibi akafa. Simu ilikuja asubuhi tukinywa chai. Mama hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini, akakigeuza mshikio uangalie upande mwingine, akakigeuza tena. Baba alikaa kwenye kompyuta kutafuta jinsi ya kuomba ruhusa ya kutoka nchini, fomu juu ya fomu, lakini kwetu maiti hawekwi kungoja fomu. Walimzika asubuhi ya Tanga, kwetu ikiwa jioni. Baba aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari juu ya meza, tukaona migongo ya wanaume na udongo mwekundu, picha ikikwamakwama. Mama alinyoosha kidole akagusa kioo.

"Laiti njia zingekuwa wazi," alisema.

Hakuwa akisema na mimi. Lakini niliyaona maneno yale yakinijia moja kwa moja. Nilikuwa nimetaka kufunga njia moja, na sasa Mama alikuwa amekosa kumwosha mama yake. Nilikwenda chumba cha kufulia nikalia nikiwa nimeuma taulo.

Baada ya hapo Mama alinyamaza. Kazini alikwenda, chakula alipika, lakini jikoni hakukuwa tena na mwuza duka wala mnunuzi. Koridoni alitembea katikati, na hakuna aliyethubutu kumwambia akae kulia. Hata Rukia aliificha filimbi. Wiki ya pili nikaona siwezi tena. Madarasa ya dini siku zile yalikuwa kwenye kompyuta, nikainua mkono.

"Ustadhi, mtu akitaka kuitengua nadhiri?"

"Nadhiri ya ibada hutimizwa, binti yangu."

"But what if ameshatimiza, na sasa anataka... undo?"

Ustadhi alicheka, akasema hajawahi kukutana na mtu huyo, ila aliyevunja kiapo au nadhiri kafara yake ni kulisha maskini kumi. Nikaandika kwenye daftari: maskini kumi. Ilinitosha.

Taabu ilikuwa kuwapata. Mtaa wetu kila nyumba ina gari, nyingine mawili, na mimi siruhusiwi kuvuka kilomita tano kutafuta maskini wa mbali. Ikabidi nimshirikishe Rukia bila kumwambia kisa chote.

"Who's poor in our street?" nikamwuliza.

Aliwaza kwa makini. "People with no trampoline."

Sikuwa na kipimo bora zaidi. Tulizunguka na baiskeli ile saa moja ya mazoezi tunayoruhusiwa, tukichungulia nyua, tukapata nyumba kumi zisizo na trampolini. Siku iliyofuata Mama akiwa kazini na Baba akiwa kwenye mkutano wa kompyuta gereji, nilikanda maandazi kama Mama alivyonifundisha, iliki nikamwaga yote iliyokuwa kwenye chupa. Kwa kuwa sheria ya nyumba ilikuwa usafi kwanza, tulipaka sanitaiza kabla ya kukanda, wakati wa kukanda, na baada ya kukanda. Jiko lilinuka nusu harusi na nusu hospitali. Nikafunga mifuko kumi, maandazi matatu matatu, na kwenye kila mfuko nikabandika kikaratasi cha Kiingereza safi: "You are poor. Please eat." Wewe ni maskini, tafadhali kula. Ustadhi alikuwa amesema nia iwe wazi.

Tuliiacha mlangoni kwa watu, tukagonga kengele, tukakimbia.

Kesho yake Mama alikuwa nyumbani. Kengele ikalia. Mwanzoni mwa njia yetu ya gari alikuwa amesimama bibi wa Kipunjabi wa nyumba ya pili, barakoa usoni na sufuria ya chuma mikononi, hatua kadhaa kutoka mlangoni kama ilivyotakiwa. Nilikuwa nyuma ya pazia. Alisema alituona dirishani tukikimbia, na amekuja kushukuru. Alisema tangu anunue nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kumwita maskini, na amecheka na mumewe mpaka wakakaa chini, na maandazi yana ladha ya hospitali kidogo lakini wameyamaliza. Akaweka sufuria chini, akarudi nyuma, na kutoka mbali akaongeza kwamba amesikia habari ya msiba na anampa pole.

Mama alibeba sufuria mpaka jikoni. Alipogeuka nilikuwa nimeshajikabidhi, nimesimama koridoni upande wa kulia.

"Haya. Nieleze."

Nikaeleza. Na sijui kwa nini, nilieleza kwa Kiswahili, mimi ambaye hata maji nilikuwa naomba kwa Kiingereza. Labda kwa sababu kosa lenyewe nililifanya kwa Kiswahili. Nilimwambia habari ya simu ya Bibi, ya karatasi kwenye droo, ya kitanda cha Shangazi, ya mashine ya kukaushia nguo. Nikamwambia, "Mimi ndiyo nimefunga ndege, Mama. Mimi ndiyo nimekuzuia kumzika Bibi. Nimelisha maskini kumi, lakini bado haijafunguka."

Kisha mdomo wake ukaanza kucheza.

"Dua la kuku halimpati mwewe," alisema. "La kwako limefunga dunia nzima?"

"Nilifunga siku kumi."

"Kumbe ndizo zile siku Rukia alizonenepa!" Akacheka, cheko lile lile la ndani ya gari, la kwanza tangu msiba. "Na kama Mungu alikuwa anakusikiliza hivyo, kwa nini hukumwomba tupate maegesho pale stesheni?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa, nikaangua kilio. Hapo naye akaacha kucheka. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akanivuta nikakaa kando yake.

"Wasia haandiki mtu asiyetaka kurudi," alisema. "Asiyetaka kurudi huondoka kimya. Sisi tuliandika kwa kuwa tunawapenda. Ningekueleza. Nilidhani unajua, na hilo ni kosa langu, si lako."

"Na Bibi?"

Alikuwa akifikicha vidole vyake vilivyopasuka kwa sanitaiza.

"Sikiliza. Mimi na mama yangu tumeongea kila wiki tangu nije huku. Tumeongea magoti yake, bei ya vitunguu, nani kaolewa, nani kaachika. La radhi tulilisema mara moja tu, siku ile uliyonisikia. Nani anampigia mama yake simu Jumamosi ya bure kumwomba radhi? Nilimpigia kwa sababu ya Quebec. Sikumwosha, mwanangu. Mimi ninayewaosha wazee wa watu, wa kwangu wamemwosha wengine, na hilo linaniuma na litaniuma. Lakini radhi yake ninayo. Quebec sikufika, na radhi nimebaki nayo."

Tulikaa pale mpaka Baba akatoka gereji, akatukuta tumeziba upande mzima wa kulia wa korido. Alitutazama, akaelewa au hakuelewa, akavua viatu akakaa upande wa pili, kushoto, akisema yeye amepaki vibaya na polisi aje amwandikie. Rukia akaja na filimbi yake. Tukala kile cha kwenye sufuria ya jirani, wali mtamu wa maziwa, na ajabu ya Mungu nao ulikuwa na iliki.

Miaka ikapita, njia zikafunguka zenyewe bila kafara yangu. Walikwenda Quebec nikiwa na miaka kumi na minne. Safari hii Baba aliusoma wasia kwa sauti mezani, kila mtu asikie, na Rukia akataka iandikwe kwamba filimbi ni yake. Asubuhi ya kuondoka Mama alinisimamisha koridoni, mtandio wa safari begani.

"Mwanangu, niwie radhi."

"Nimekuwia radhi, Mama," nikasema. "Duniani na akhera. Nawe uniwie."

Walitupigia kutoka kule. Baba aliendesha kulia njia nzima bila kosa na kusimama kwenye kila kikombe alichokuwa amekichora. Mama aliingia duka la mikate ndani ya kuta za mawe, akaomba mikate miwili kwa Kifaransa chake cha Tanga, akajibiwa kwa Kiingereza. Hakukubali. Akarudia, polepole, kama anavyowarudia wanafunzi wa kidato cha pili, mpaka mwuzaji akacheka na kumjibu kwa Kifaransa cha kwao, cha kasi, ambacho Mama anakiri hakuelewa hata nusu. Alitoka na mikate minne. Kwenye simu alituonyesha yote minne, pua imekuwa nyekundu kwa baridi, na theluji nyuma yake kama ya kitabuni. Farasi tu ndiye aliyekosekana. Waliporudi Sydney, Baba alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa kushoto wa gari pale uwanja wa ndege, akakaa, akafunga mkanda, na kutafuta usukani.

Sasa ni zamu yangu. Keshokutwa nakwenda Tanga, mara ya kwanza katika maisha yangu, na hayo maandazi ndiyo ya njiani. Nimeandika wasia kwenye karatasi ya daftari, ingawa mali yangu ni baiskeli, kompyuta na sufuria moja nzuri. Sufuria nimemwachia Rukia. Nimewapigia walimu, marafiki, Shangazi Zuhura. Mama nilimweka mwisho. Alipokea akiwa jikoni, nilisikia kitu kikikaangwa.

"Mama, niwie radhi."

"For what?" akajibu, kwa Kiingereza, na kwa sauti yangu ya miaka kumi, ile ya kununa. Mwalimu hasahau.

"Kwa yote," nikasema.

Alicheka. Akapunguza moto, nikasikia swichi.

"Nimekuwia radhi, mwanangu, duniani na akhera. Nenda, urudi. Na ukifika kaburini kwa Bibi, ukimaliza kumsomea dua, mwambie Quebec tulifika."